Ndege Wako Analala Wapi Usiku wa Theluji?

Barua za safu hii hubadilika na majira. Kukiwa na joto mnaniuliza habari za vidukari na maua. Baridi ikianza kuingia, mnaniuliza habari za ndege. Toleo hili nimewapa ndege nafasi yote, kwa sababu barua zimekuwa nyingi na baadhi yake haziwezi kungoja mwezi ujao. Mtaniona narudi kila mara kwenye habari ya usiku. Ndege mdogo akifa wakati wa baridi, mara nyingi hufa usiku, na karibu kila ninalolishauri hapa chini limetokana na hilo.

Shikamoo shangazi. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kuishi penye theluji. Miti imepukutika na bustani imekuwa kimya kabisa. Ndege wote wamehama? Kama wapo waliobaki, nianzie wapi kuwakaribisha?

Marahaba mwanangu. Hawajahama wote. Waliohama ni wale ambao chakula chao kimetoweka. Mbayuwayu, kwa mfano, hula wadudu wanaoruka, na kwenye baridi wadudu hao hawapo hewani. Basi mbayuwayu wa Ulaya huvuka Sahara, na wengine hufika mpaka Afrika Kusini. Waliobaki ni wale wanaoweza kubadili mlo: wameacha viwavi, sasa wanakula mbegu, matunda yaliyosinyaa na mayai ya wadudu yaliyojificha kwenye nyufa za magome. Na huo ukimya usikudanganye. Kuimba ni kazi ya kumwita mwenzi na kulinda eneo la kuzalia, na sasa hivi wengi wao hawana haja hiyo. Simama dirishani kunapopambazuka, kabla hujawasha taa, utazame chini ya vichaka. Utawaona.

Ili ujue uanzie wapi, fikiria usiku wao. Joto la mwili wa ndege ni kama nyuzi 40 hadi 42, juu kuliko letu, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa. Chukua chikadii, yule ndege mdogo wa Amerika ya Kaskazini mwenye utosi mweusi. Ana gramu 11 hivi, na analala nje kwenye baridi iliyo chini kabisa ya sifuri. Anachofanya ni kuvimbisha manyoya ili yashike hewa ya vuguvugu karibu na ngozi, kutetemesha misuli ya kifua, na kuliacha joto la mwili lishuke kwa nyuzi 10 au zaidi ili matumizi yapungue. Pamoja na juhudi zote hizo, ndege wadogo huweza kupoteza hadi sehemu ya kumi ya uzito wao kwa usiku mmoja wa baridi kali. Ni kama mtu wa kilo 60 aamke asubuhi amebaki na 54.

Asubuhi hana akiba. Mbele yake ana mchana mfupi, ambao katika nchi za kaskazini unaweza kuwa wa saa 8 tu au pungufu, na katika muda huo anatakiwa kukusanya mafuta ya kuunguza usiku mzima unaofuata. Ndiyo maana kilishio, yaani chombo cha kuwekea ndege chakula, hupata wageni wengi nyakati mbili: kunapopambazuka na muda mfupi kabla ya giza. Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu, hakikisha kilishio cha kuning'inia kina chakula kabla hujaenda kulala, ili mwanga wa kwanza usikute chombo kitupu. (Chakula cha chini ni habari nyingine. Hicho kiondoe jioni, la sivyo utakuwa unafuga panya.)

Kitundike kiasi cha mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka. Hapo ndege anaweza kukimbilia kujificha, lakini paka hawezi kumrukia akitokea majanini. Kisha uwe na subira. Inaweza kupita wiki moja, hata zaidi, kabla ndege wa kwanza hajaamini kuwa chombo kile kigeni hakina hatari. Akishaamini mmoja, wengine humfuata, kwa sababu wakati wa baridi ndege wengi wadogo hutembea kwa makundi ya mchanganyiko, na wanatazamana sana.

Nilinunua mfuko mkubwa wa nafaka mchanganyiko. Wanachokifanya ni kumwaga. Wanachagua punje moja, kumi wanazitupa chini. Nimewaudhi nini?

Hujawaudhi. Wanatafuta mafuta, na mifuko mingi ya mchanganyiko imejazwa ngano, dengu kavu na nafaka nyingine ambazo ndege mdogo hana mdomo wa kuzivunja wala muda wa kuhangaika nazo. Njiwa watazila. Chiriku atazitupa ili aifikie mbegu ya alizeti iliyo katikati.

Nunua hiyo alizeti yenyewe. Ichague nyeusi tupu, siyo ya mistari: ganda lake ni jembamba na kiini chake kina mafuta zaidi. Iliyokwisha kumenywa ni bora zaidi penye baridi kali, maana ndege hapotezi nguvu ya kumenya na wewe hubaki na uwanja usio na maganda. Nikiambiwa nichague chakula kimoja tu cha majira yote ya baridi, nitachagua hicho bila kusita.

Baada ya alizeti, yafaa shahamu, yaani yale mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe. Yaweke kwenye kikapu cha waya, yakiwa yenyewe au yakiwa yamechanganywa na mbegu. Kigogota huyapenda, na vilevile wale ndege wembamba ambao kwa kawaida hula wadudu na hawana mdomo wa kuvunja mbegu. Karanga ni nzuri mno, ila ziwe mbichi au za kukaangwa bila chumvi, na uziweke ndani ya wavu wa chuma ili ndege adonoe vipande vidogo. Ukiziona zina ukungu, au hata harufu ya ukungu, zitupe pasipo majadiliano. Sumukuvu inayotokana na kuvu wa karanga huua ndege, na haiondoki kwa kuzianika wala kuzikaanga.

Kuna pia mbegu ndogo nyeusi nyembamba za mmea uitwao *Guizotia abyssinica*, wenye asili ya nyanda za juu za Ethiopia, ambako huitwa nug na hukamuliwa mafuta ya kula. Zinauzwa duniani kote kwa ajili ya ndege, na chiriku wanazipenda kuliko kitu kingine. Zinahitaji kilishio chenye matundu madogo sana, la sivyo humwagika zote. Nunua kidogo kidogo, maana hukauka na kuchacha, na ndege huzikataa hata kama wewe huoni tofauti.

Usiwasahau wanaokula ardhini. Ndege wa jamii ya mkesha, wale wakubwa kidogo wanaopekua majani makavu kwa miguu, hawapendi kuning'inia. Wakatie tufaha lililoanza kulainika, uliache juu ya theluji uliyoikanyaga ikashikamana, na siku ile ile utaona limebaki ganda.

Je, naweza kuwapa mabaki ya mezani? Mkate, maziwa, mafuta ya kukaangia?

Mkate kidogo hauui, ila unajaza tumbo bila kuleta mafuta, na tumbo la ndege usiku wa baridi halina nafasi ya kupoteza. Maziwa usiwape, kwa kuwa ndege hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yana chumvi na majimaji ya nyama, tena ni laini. Yakipaka manyoya, manyoya hayashiki tena joto wala hayazuii maji. Chochote chenye chumvi kiache. Jibini isiyo kali, ikiparuzwa vizuri, inaruhusiwa.

Dada, salaam. Beseni langu la maji linaganda kila usiku. Fundi mmoja kaniambia niweke gliserini kidogo ili yasigande. Ni kweli?

Usiweke, ndugu yangu. Gliserini hushikamana na manyoya, na manyoya yaliyogandamana hayamkingi ndege. Chumvi nayo ni sumu kwake, na dawa ya kuzuia maji ya gari kuganda ni sumu kali zaidi. Maji ya ndege hayatiwi kitu.

Tumia chombo kipana, chenye kina cha sentimita 3 hadi 5 tu, chenye uso wa kukwaruza ili miguu isiteleze. Asubuhi vunja barafu au imwagie maji ya vuguvugu, ujaze upya. Mpira mdogo unaoelea husaidia kama baridi si kali, maana upepo ukiusukuma maji hayatulii. Zipo pia sahani za umeme zilizotengenezwa kwa kazi hii. Ukiweza kununua moja, utaona faida yake.

Watu hushangaa kuona ndege anaoga kwenye baridi. Anaoga kwa sababu manyoya machafu hayavimbi vizuri, na usiku anayahitaji yavimbe. Ndiyo maana mimi naliweka beseni la maji sawa na chakula, na ninapoona bustani yenye vilishio vitano na tone la maji hakuna, nasikitika. Ndege anaweza kula theluji, ndiyo, lakini kuiyeyusha tumboni kunakula joto lile lile alilolihangaikia.

Jirani yangu ananionya: ukilisha ndege wa mwituni unawafanya wavivu, wanasahau kutafuta, na wengine wanaacha kuhama. Siku ukisafiri wote watakufa. Nimeanza kuogopa.

Hofu hiyo ni ya zamani, na watafiti wameipima. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Margaret Brittingham na Stanley Temple waliwafuatilia chikadii kwa miaka kadhaa katika miaka ya 1980. Waligundua kuwa hata pale penye vilishio vilivyojaa, ndege hao walichukua humo sehemu kama ya tano tu ya chakula chao cha siku. Kilichobaki walikitafuta wenyewe mitini. Kisha wakaviondoa vilishio mahali ambapo ndege walikuwa wamevizoea kwa miaka mingi. Ndege wale waliumaliza msimu wa baridi sawasawa na wenzao ambao hawajawahi kulishwa. Hawakusahau kitu.

Lakini utafiti wao mwingine, uliochapishwa 1988, ndio ninaoutaja kila nikipata nafasi. Walilinganisha waliolishwa na wasiolishwa. Waliofika mwisho wa baridi walikuwa asilimia 69 kwa waliolishwa, na 37 kwa wasiolishwa, na tofauti kubwa ilitokea kwenye miezi ya baridi kali zaidi. Kwa maneno mengine, kilishio hakileti uvivu. Kinaongeza kitu kidogo pale ambapo kitu kidogo ndicho kinachoamua nani aione kesho.

Kuhusu kuhama, wengi huondoka kwa kufuata urefu wa mchana. Mchana ukipungua, mwili unawaambia waende, hata meza ikiwa imejaa. Hata hivyo sitakuambia kuwa kulisha hakubadilishi chochote. Yupo ndege wa Ulaya ya Kati, *Sylvia atricapilla*, dume lake lina utosi mweusi na jike lake utosi wa hudhurungi, ambaye kwa desturi alikuwa akienda kusini kwenye nchi za Mediterania. Tangu miaka ya 1960 wengi wao wameanza kwenda Uingereza kipindi cha baridi, na chakula cha bustanini ni moja ya sababu zinazotajwa pamoja na kupanda kwa joto. Kwa hiyo tulichonacho mikononi kina nguvu. Tukifanye kwa uangalifu.

Ukisafiri, safiri. Kama unaweza, punguza chakula taratibu siku chache kabla, na usiondoke ghafla wakati wa dhoruba ya theluji. Hapo mwombe huyo huyo jirani akujazie.

Shangazi, kuna chiriku mmoja amekaa juu ya kilishio tangu asubuhi. Amevimba kama mpira, anatafuna bila kumeza, mate yanamtoka, wala hanikimbii nikisogea. Nimfanye nini?

Barua hii ndiyo iliyonifanya niandike safu nzima. Mwanangu, leo hii ondoa vilishio vyote na beseni la maji.

Dalili ulizozitaja zinafanana na ugonjwa unaoletwa na kimelea kiitwacho *Trichomonas gallinae*. Kinakaa kooni, kinavimbisha njia ya chakula, na ndege anakufa kwa njaa akiwa amezungukwa na chakula. Hakiambukizi binadamu. Kwa ndege wenyewe hupita kwenye mate, na mate hubaki kwenye mbegu aliyoshindwa kuimeza na kwenye maji aliyojaribu kunywa. Njiwa wamekuwa nacho tangu zamani. Uingereza kilionekana kwa chiriku mwaka 2005, na baada ya hapo chiriku kijani, ambaye alikuwa wa kawaida katika kila bustani, alipungua mno hata mwaka 2021 akaingizwa kwenye orodha nyekundu, yaani ya ndege walio hatarini zaidi, ya nchi hiyo. Vilishio vya watu wenye mapenzi mema vilikuwa sehemu ya njia iliyokibeba. Hili linaniuma, na ndilo linalonifanya niwe mkali juu ya usafi kuliko juu ya jambo jingine lolote.

Huyo mmoja huwezi kumtibu. Dawa haiwezi kutolewa kwa kuimwaga kwenye maji ya wote, na kumkamata kutamtia hofu tu; kama karibu nawe kuna kituo cha kutunza wanyamapori, wapigie. Unaloweza ni kuwatawanya wenzake. Acha kulisha kwa wiki mbili au zaidi, mpaka usione mgonjwa wala mzoga. Wakitawanyika, hawagusani midomo. Najua ni vigumu kuacha kulisha katikati ya baridi, lakini umesoma hapo juu kwamba wanajua kutafuta.

Wakati huo safisha. Ng'oa kila kipande kinachong'oka, sugua uchafu wote kwa maji ya moto na sabuni, kisha loweka kwenye blichi, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kwa dakika 10. Suuza mpaka harufu iishe. Kausha kabisa kabla ya kujaza tena. Kukausha ni muhimu kama kusugua, maana kimelea hicho hakipendi ukavu. Fanya hivyo kila wiki au kila wiki mbili majira yote, hata kama hujaona mgonjwa, ukitumia brashi na ndoo ambazo haziingii jikoni. Vaa glavu, unawe mikono. Katika msimu wa baridi wa 2020 hadi 2021 nchini Marekani bakteria wa salmonela waliua chiriku wengi kwenye vilishio, na watu nao waliugua.

Na ukianza tena, achana na meza bapa ambayo ndege hula na kunya mahali pale pale. Weka vilishio vya bomba, vidogo, vilivyo mbalimbali, na chakula cha kuisha kwa siku moja au mbili. Kila baada ya muda vihamishe sehemu nyingine ya bustani, ufagie chini. Afadhali bustani isiyo na kilishio kuliko yenye kilishio kichafu.

Kipanga amemchukua shomoro mbele ya macho ya watoto wangu. Wamelia. Nimfukuze vipi?

Poleni, na wape watoto pole yangu. Kipanga naye ni ndege wa mwituni, naye ana usiku mbele yake. Mawindo yake mengi hukosa, na asipokula hafiki asubuhi. Katika nchi nyingi analindwa na sheria, kwa hiyo usimrushie kitu. Ukiona amekuwa akija kila siku, acha kulisha kwa siku kadhaa, atahamia kwingine. Kichaka kinene chenye miiba karibu na kilishio huwasaidia wadogo kuliko chochote.

Paka ni jambo jingine, kwa sababu paka ana chakula nyumbani. Watafiti nchini Marekani wamekadiria kuwa paka huua huko ndege kati ya bilioni 1.3 na 4 kila mwaka. Kama unaye, mfungie ndani, angalau asubuhi na jioni, saa zile zile ambazo ndege hawana budi kushuka kula.

Ndege wanagonga kioo cha sebule. Nimebandika picha ya mwewe, bado wanagonga.

Picha moja wanaikwepa na kugonga pembeni yake. Ndege haoni kioo, anaona mti na anga vilivyoakisiwa. Weka alama kwa upande wa nje, nukta au mistari, zikiachana sentimita 5, kioo kizima. Au sogeza kilishio: kiwe chini ya mita moja kutoka dirishani, ili ndege anayeshtuka asipate mwendo wa kumuumiza, au kiwe mbali zaidi ya mita 10. Umbali wa katikati ndio unaoua. Lishughulikie wiki hii, tafadhali. Marekani peke yake vioo vya majengo hukadiriwa kuua ndege kati ya milioni 365 na 988 kwa mwaka.

Mwanangu, mimi ni mama mzee, magoti yameanza kukataa ngazi na ndoo. Nipande nini ili ndege waje wenyewe bila mimi kubeba magunia ya mbegu?

Shikamoo mama. Umeuliza swali nililokuwa nalingojea miaka yote. Kilishio kinawasaidia ndege wako. Bustani yenyewe inawatunza.

La kwanza halihitaji kupanda kitu, linahitaji kuacha. Alizeti zikikauka, usizikate. Ziache, na maua mengine yenye vichwa vya mbegu, *Echinacea* na jamii yake, yasimame wima mpaka majira ya kuchipua. Mimi nawaachia kitalu kizima upande wa uzio, na chiriku hukining'inia hata kama kilishio kimejaa hatua chache kutoka hapo. Majani yaliyodondoka yasukume chini ya vichaka, usiyachome. Ndani yake mna viwavi, buibui na vifukofuko vya nondo, nayo ndiyo nyama ya baridi. Ukiwa na mti uliokufa ambao hautaiangukia nyumba, uache usimame. Wangu ulinifaa ukiwa hai kwa kivuli. Tangu ufe, kigogota anautembelea, na katika shimo alilolitoboa hulala ndege ambao hawana uwezo wa kuchimba la kwao.

Ukipanda, panda vinavyotoa matunda kwa zamu, na uchague aina za asili ya eneo lako. Miti ya jamii ya *Sorbus* huiva mapema na huliwa upesi. *Crataegus* hubakiza matunda mekundu mpaka katikati ya baridi, na miiba yake ni ngome. *Ilex*, yenye majani ya kijani mwaka mzima, humpa ndege paa pamoja na chakula. Kumbuka kupanda dume na jike, la sivyo matunda hayaji. Mtambaazi *Hedera* ndio wa mwisho kabisa: huchanua wakati mimea mingine imekwisha kufunga, na matunda yake huiva baridi ikielekea mwisho, wakati vitu vyote vimeisha. Watu huung'oa kwa kuuona ni uchafu ukutani. Kwa ndege ni ghala na chumba cha kulala. Ila katika Amerika ya Kaskazini umekuwa mmea vamizi, kwa hiyo huko usiupande; tafuta mtambaazi wa kwenu.

Mti wenye majani membamba kama sindano, hata mmoja, mnene, huzuia upepo usiku. Na mwaloni ukiwa na nafasi. Huko Ulaya na Asia kuna ndege wa jamii ya kunguru mwenye mabaka ya buluu mbawani, *Garrulus glandarius*, ambaye kila vuli hufukia ardhini maelfu ya mbegu za mwaloni, moja moja, kisha hurudi kuzichimba hata chini ya theluji. Asizozirudia huota. Misitu mingi ya mialoni imepandwa kwa mdomo wake.

Visanduku vya kuzalia vina kazi yoyote wakati wa baridi, au nivishushe?

Viache. Toa kiota cha zamani vuli inapoisha, mwagia ndani maji yanayochemka kuua viroboto, kausha, urudishe mahali pake, mlango ukiwa umeelekea kusikopigwa na upepo wa baridi. Watalala humo. Reni, ndege mdogo kabisa mwenye mkia uliosimama, mchana ni mgomvi na hapendi mwenziwe asogee. Usiku wa barafu huingia ndani pamoja na wenzake, wakapangana vichwa ndani, mikia nje. Huko Norfolk, Uingereza, mwaka 1969 walihesabiwa reni 61 ndani ya kisanduku kimoja.

Kindi wanamaliza kila kitu.

Tundika kilishio kwenye nguzo laini ya chuma, mbali mita tatu na mahali popote anapoweza kurukia, ufunge chini yake koni pana ya bati iliyofunikia chini. Wengine huchanganya pilipili na mbegu kwa kuwa ndege hawausikii ukali wake na kindi anausikia. Ni kweli hawausikii, lakini unga wa pilipili ukipeperuka huingia machoni, ya ndege na yako. Mimi siuweki.

Niache lini kulisha?

Siyo siku ile jua la kwanza linapotoka. Mwanzo wa majira ya kuchipua ndio wakati mgumu kuliko watu wanavyodhani: mbegu za vuli zimeisha, wadudu hawajatoka, na madume yameanza kuimba na kupigana, kazi zinazokula nguvu. Endelea mpaka uone majani yamefunguka na ndege wanabeba viwavi. Penye dubu, shusha vilishio mapema zaidi, mara dubu wanapoanza kuamka. Kwingine punguza polepole. Shahamu iwe ya kwanza kushuka, kwa sababu joto likipanda huyeyuka na kuchacha. Inayofuata ni karanga nzima, maana mzazi anaweza kumpelekea kinda punje isiyopita kooni. Ukiendelea nazo, ziponde au ziweke kwenye wavu wa matundu madogo. Alizeti iliyomenywa inaweza kubaki. Beseni la maji usiliondoe.